Kwa wanaokusanya picha za kale za mitindo ya Ufaransa: karibuni tusomeshane

#1 Bi Pambizo (Lyon)

Wakuu, salaam. Humu kuna uzi wa stempu, kuna wa sarafu za Mjerumani, kuna hata wa viberiti vya zamani. Wa picha za mitindo nimeutafuta sijauona, basi nauanzisha mimi. Wenye madini yao wayashushe.

Nazungumzia zile karatasi zilizokuwa zikitoka pamoja na majarida ya wanawake ya Paris tangu mwisho wa karne ya 18. Mwanamke mmoja au wawili wamesimama, gauni limechorwa hadi kifungo cha mwisho, chini kuna maandishi madogo ya Kifaransa. Mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba nyekundu, miaka ya baadaye kwenye chuma cha pua, ukapigwa chapa kwa wino mweusi, halafu rangi ikapakwa kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine. Kwa hiyo nakala mbili za picha ile ile hazilingani kabisa. Moja utepe wake umekolea, nyingine mpakaji alikuwa na haraka, rangi ikatoka nje ya mstari.

Kuna jambo naomba tulikubali mapema, la sivyo tutapishana uzi mzima: hizi hazikutengenezwa ziwe mapambo ya ukutani. Ni picha za mshono. Kama mtu leo anavyokwenda kwa fundi na simu mkononi akasema "nataka hivi", ndivyo mwanamke wa Bordeaux au Lille mwaka 1835 alivyompelekea fundi wake karatasi hii. Ndiyo maana mara nyingi mmoja anatazama mbele na mwenzake amegeuza mgongo. Hawajanuniana. Fundi anataka kuona nyuma kumefungwaje. Ukilijua hilo, unaanza kutazama picha kwa jicho jingine kabisa, na hata mfukoni utatoboka kidogo zaidi kwa sababu za maana.

Historia kidogo, maana bila hiyo utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Galerie des Modes ndiyo iliyofungua mlango. Ilichapwa na Esnauts na Rapilly, Rue Saint-Jacques, Paris, kuanzia 1778 hadi 1787. Ni zaidi ya picha 400, zama za Malkia Marie-Antoinette, nywele zimepandishwa hadi unajiuliza hawa watu mlangoni walipitaje. Hilo halikuwa jarida, picha zilitoka kwa mafungu. Jarida la kutoka kwa ratiba lilikuja 1785, Cabinet des Modes. Mapinduzi ya Ufaransa yakavuruga biashara, na baada ya 1793 kukawa kimya kwa miaka kadhaa.

Mwaka 1797 likaja lile ninalolikusanya mimi: Journal des Dames et des Modes. Aliyeliendesha muda mrefu kuliko wote ni Pierre de La Mésangère, mtu wa kanisa aliyekuwa mwalimu wa falsafa kabla ya Mapinduzi. Mwalimu wa falsafa akaishia kuandika habari za kofia na shali, na akazifanya kwa bidii hadi alipofariki 1831. Husimuliwa kwamba alikutwa ameacha viatu na soksi za hariri za kuvisha kikosi kizima. Sijui chumvi ni kiasi gani humo. Jarida lilitoka kila siku tano, likadumu hadi 1839, na picha zake zenye kichwa *Costume Parisien* zilipita 3,600. Juu ya kila moja kuna mwaka na namba. Kwa mkusanyaji hiyo namba ni neema, kwa sababu unajua hasa nini unacho na nini kimekupita.

Baada ya hapo majarida yakawa mengi mno: Petit Courrier des Dames, La Mode ya Émile de Girardin (1829, Gavarni alichorea humo akiwa kijana), Le Follet, Journal des Demoiselles, Le Moniteur de la Mode (1843), La Mode Illustrée (1860). Ukitaka kuyafuata yote utafilisika na hutajua lolote. Ushauri wangu ni kuchagua jarida moja, au mchoraji mmoja, au miaka mitano tu, ukae hapo hadi uijue kama nyumba yako.

Maswali yaje.

#2 Kikwapa

Bi Pambizo umeshusha nondo. Nimeweka kambi.

#3 Fundi Sululu (Dar)

Shikamoo Bi Pambizo. Mimi ni fundi wa nguo za kike, nina karibu miaka ishirini kwenye cherehani, na nimezitazama hizo picha mtandaoni sasa hivi baada ya kusoma uzi. Swali langu ni la kikazi. Kiuno hicho hakipo duniani. Mkono wa gauni la 1830 ni mpana kuliko kiuno cha mwenye gauni. Fundi aliyepelekewa hii alikata nini? Au walikuwa wanampa picha tu na kumwambia "Mungu akutangulie"?

#4 Bi Pambizo

Marahaba Fundi. Nilikuwa nakusubiri mtu kama wewe.

Kiuno kimetiwa chumvi, hilo ni kweli. Wachoraji walirefusha mwili, wakapunguza kiuno na miguu. Lakini kuna korseti ndani, na kuna hila ya macho: ukipanua mabega na sketi, kiuno chochote kitaonekana chembamba. Mikono ile mikubwa ya miaka ya 1830 ilikuwa ya kweli, ilitunishwa kwa mito iliyojazwa manyoya. Halafu mwaka 1836 ikanywea ghafla, na hiyo ni moja ya alama nzuri sana za kukisia umri wa picha.

Kuhusu kukata: kwa miongo mingi ndivyo ilivyokuwa kama unavyosema, picha na maelezo, mengine fundi ajijue. Ukurasa ulioambatana na picha ulieleza kitambaa, mapambo, na mara nyingi duka lililotoa kofia au gauni. Baadaye majarida kama La Mode Illustrée yakaanza kutoa na karatasi kubwa ya paterni. Ukiiona utacheka. Paterni nyingi zimechapwa juu ya karatasi moja, mistari imepishana, huu una nukta, ule una vidoto na vistari, fundi anafuata wake kwa kidole na kuunakili. Wengi walizitupa zikishachakaa, kwa hiyo leo karatasi ya paterni iliyo nzima ni adimu kuliko picha yenyewe, na bado wauzaji wengi wanaitupia bure kwenye fungu. Kama wewe ni fundi, kusanya hizo. Nasema kwa dhati. Hakuna anayezigombania.

#5 Fundi Sululu

Nimezitafuta. Aisee, ni tambi. Lakini nimeona mkono wa vipande viwili pale, nimeuelewa bila kujua Kifaransa. Nitarudi.

#6 Papa Marolles (Brussels)

Jambo kwenu wote. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Brussels siku nyingi, na biashara yangu ndogo ni karatasi za kale. Soko la Place du Jeu de Balle hapa Marolles liko wazi kila siku, ukiamka mapema unapata mengi.

Naongeza kuhusu wachoraji, maana Bi Pambizo amewaruka na hao ndio wanaouza. Kwa picha za katikati ya karne ya 19, tafuteni majina haya chini ya mchoro: Héloïse Leloir, Anaïs Toudouze, Laure Noël. Ni ndugu wa damu, mabinti wa mchoraji Alexandre Colin, na kila mmoja alitia sahihi kwa jina la mume. Kwa miaka zaidi ya thelathini ni kama vile familia moja iliivalisha Ulaya. Binti wa Anaïs, Isabelle, naye akachora mitindo. Watoto wa kiume walikwenda pengine: Gustave Toudouze akawa mwandishi wa riwaya, Édouard akawa mchoraji. Na Maurice Leloir, mtoto wa Héloïse, ndiye aliyeanzisha chama cha historia ya mavazi mwaka 1907, na mavazi yaliyokusanywa na chama hicho ndiyo yaliyokuja kuwa msingi wa makumbusho ya mitindo ya Palais Galliera, Paris. Mama alichora nguo, mtoto akazitafuta nguo zenyewe.

Mwingine ni Jules David. Huyu alichorea Le Moniteur de la Mode tangu lilipoanza 1843 hadi alipofariki 1892. Kwake wanawake wako bustanini, kwenye ngazi, pembeni mwa kinanda, na watoto wamo. Mnunuzi asiyejua lolote akija mezani kwangu, mkono wake unakwenda kwa Jules David.

#7 Bi Pambizo

Karibu sana Papa. Nyongeza kwa Jules David: ukikuta picha yake ina maandishi ya Kiingereza usifikiri ni ya wizi. Mwaka 1860 Samuel Beeton na mkewe Isabella walikwenda Paris wakakubaliana na Goubaud, mwenye Le Moniteur, na jarida lao la London likaanza kutoa picha hizo hizo. Zipo pia zenye majina ya Kijerumani na Kihispania. Mchoro wa Paris, maandishi ya kwingine.

Wamarekani ndio walikuwa wanakopi bila hodi. Godey's, jarida la Philadelphia, lilichukua picha za Kifaransa, likazichonga upya, na lilijisifu kuwa na wanawake 150 wa kupaka rangi. Zina wapenzi wake, ila usilipe bei ya Paris.

#8 Mwana wa Kilindini (Mombasa)

Hamjambo nyote. Mie nauliza kuhusu hao wa kupaka rangi. Ni kina nani? Maana kila mahali naona jina la mchoraji na la mchongaji, hawa hawatajwi.

#9 Bi Pambizo

Swali zuri kuliko yote hadi sasa.

Walikuwa wanawake na wasichana, wakilipwa kwa idadi ya karatasi. Msanii alipaka nakala moja ya mfano, ikawekwa mbele yao. Kisha karatasi zikapita mkono kwa mkono: huyu anapaka waridi tu, yule kijani tu, mwingine ngozi na nywele. Mwishoni kwenye sehemu nyeusi au zinazotakiwa kung'aa, kama hariri na velveti, walipitisha gundi ya mti wa mgunga, ndiyo maana ukiinamisha picha kwenye mwanga utaona mng'ao kwenye utepe. Majina yao hayapo popote kwenye karatasi, wakati karatasi yenyewe thamani yake nusu ni kazi ya mikono yao. Nikinunua natazama kwanza rangi ya shavu. Mpakaji mzuri aliiacha ikayeyuka yenyewe kwenye ukingo. Mwenye haraka aliacha duara kama chapa ya kidole.

Kulikuwa pia na matoleo ya bei tofauti. La nafuu halikuwa na picha za rangi kabisa, la ghali lilikuwa nazo nyingi. Na hapo ndipo ulaghai unapoingia: picha za weusi na weupe za zamani ambazo wauzaji walizipaka rangi miaka mingi baadaye ili ziuzike. Karatasi ni halali, chapa ni halali, rangi ni ya juzi. Utaijua hivi. Karatasi ya kale ikishapoteza ile gundi iliyotiwa kiwandani, inakunywa rangi ya maji, basi rangi mpya inazama na kusambaa kwenye nyuzi. Tazama pia madoa ya kahawia ya uzee. Kama rangi imepita juu ya doa na kulifunika, doa lilitangulia.

#10 Kikwapa

Na nakala za kisasa kabisa, zile za mashine?

#11 Bi Pambizo

Hizo ni rahisi. Kioo cha kukuzia cha mara kumi kinatosha. Ukiona vinukta vidogo vya rangi vimejipanga kwa ustadi, hiyo ni picha iliyochapwa kiwandani zama zetu, irudishe mezani. Ya kweli ina mistari ya wino iliyoinuka kidogo juu ya karatasi, na kuizunguka kuna alama ya bamba, ule mbonyeo ulioachwa na ukingo wa chuma mashine ilipokandamiza. Tatizo, wengi walikata pambizo ili picha iingie kwenye fremu, alama ikaenda nayo. Mimi picha isiyo na pambizo siinunui hata iwe nzuri vipi. Jina langu la humu mnaliona.

Geuza nyuma. Rangi ya mkono, hasa kijani cha shaba, huchungulia upande wa pili na kuacha kivuli cha kahawia.

Mtego mkubwa ni ule wa nakala za kale. Galerie des Modes ilichapwa upya na Émile Lévy kati ya 1911 na 1914, na rangi ikapakwa kwa mkono. Leo nakala hizo nazo zina miaka zaidi ya mia, karatasi imezeeka vizuri, na mtu anaweza kukuuzia akiapa ni ya 1780, tena yeye mwenyewe akiamini. Nakala zenyewe ni nzuri tu kuwa nazo, mradi ulipe bei yake.

#12 Dada wa Namanga

Samahani nawakatiza wataalamu. Mnajuaje mwaka kama haujaandikwa? Nina moja nimezawadiwa, haina tarehe, pembeni imekatwa (najua, najua).

#13 Papa Marolles

Dada, ukikosa tarehe unasoma nguo. Kiuno kiko chini tu ya kifua na gauni jeupe limeshuka moja kwa moja: 1797 hadi 1820 hivi. Mikono mikubwa: miaka ya 1830 mwanzoni. Mikono imebana, kichwa kimefichwa ndani ya kofia iliyofungwa kidevuni, kila mtu kama anatoka kuungama: miaka ya 1840. Sketi imekuwa kengele kubwa: baada ya 1856, pale vizimba vya chuma vya kuvaa chini ya gauni vilipoingia. Mbele pamebaki bapa na kila kitu kimesogezwa nyuma: kuanzia 1869 hivi. Gauni limebana hadi magotini: karibu na 1880. Makalio yametunishwa tena, safari hii kama rafu: 1883 hadi 1889. Mikono mikubwa imerudi: 1895.

Rangi nazo zinasema. Zambarau kali na ile nyekundu ya fuksini hazikuwa za kawaida kabla ya mkemia Perkin kupata zambarau yake ya maabara London mwaka 1856, na Verguin kufuata na fuksini hapo hapo Lyon kwa Bi Pambizo mwaka 1859. Vitambaa vilipobadilika, wapakaji wakavifuata.

#14 Dada wa Namanga

Sketi yangu ni kengele na gauni ni zambarau inayouma macho. Kwa hiyo miaka ya 1860?

#15 Papa Marolles

Mwanzoni mwa 1860. Ukiona sketi inaanza kubapa mbele, sogea hadi 1866.

#16 Mwana wa Kilindini

Naona zile za mwanzo kabisa, za 1800 na kitu, wanawake wamevaa vilemba na shali. Hiyo ni Paris kweli ama mchoraji alikuwa na ndoto zake?

#17 Bi Pambizo

Ni Paris kweli. Jeshi la Bonaparte lilikuwa Misri kuanzia 1798 hadi 1801, na maofisa walirudi na shali za Kashmir. Joséphine, mke wa Bonaparte, akazipenda kupita kiasi, na mjini kila mwenye uwezo akataka yake. Vilemba vikaja na wimbi hilo hilo. Melimeli nyeupe ya magauni yale, ile nyepesi hasa, ilitoka Bengali, yaani ng'ambo ya bahari yenu hiyo hiyo ya Kilindini. Fungua picha za *Costume Parisien* za miaka hiyo ufuate shali tu, mwaka hadi mwaka: kwanza inatupwa begani ovyo, halafu inakuwa na namna zake za kuvaliwa, halafu viwanda vya Ufaransa vinaanza kuiga na inashuka kwa watu wa kawaida. Hayo yote unayaona bila kusoma neno.

Mshairi Baudelaire alianza insha yake maarufu ya 1863 akiwa na rundo la picha za mitindo za tangu Mapinduzi mbele yake. Na mchoraji Cézanne, mtu wa matofaa na mlima, mwaka 1871 alichukua picha mbili za La Mode Illustrée akazigeuza michoro ya mafuta. Yaani walikuwa wakizitazama watu wenye macho.

#18 Papa Marolles

Bi Pambizo, sasa nina ugomvi na wewe, ugomvi wa heshima. Nimeona kwenye uzi mwingine umewaita wanaouza karatasi mojamoja "wachinjaji". Mimi ni mmojawapo. Niambie nimekosa nini.

#19 Bi Pambizo

Papa, sikukulenga wewe, ila neno silifuti.

Jarida la mwaka mzima lililojalidiwa ni kitu kizima. Kuna picha, kuna ukurasa wa maelezo, kuna mashairi mabaya, kuna barua za wasomaji, kuna matangazo ya dawa ya nywele. Anayelichana anauza picha hamsini na kuacha maelezo yaende kwenye taka. Ukiwa na picha ya mwanamke aliyevaa gauni la kijivu huna kitu. Ukiwa na ukurasa wake unajua gauni lilikuwa la kwenda wapi, asubuhi au jioni, kitambaa gani, na duka la nani. Nani atalirudisha hilo? Mshono bila maelezo ndiyo shida ile ile aliyoiuliza Fundi Sululu pale juu.

#20 Papa Marolles

Nimekusikia. Sasa nisikie na mimi. Kwanza, majalada mengi ninayoyapata yamekwisha kuchanwa, jalada limelowa, kurasa zimeshikana, na maktaba ikikuta jalada la namna hiyo haiinunui. Pili, mwenyewe huyo wa 1835 alikuwa anaichomoa picha na kumpelekea fundi, umeandika wewe mwenyewe kwenye namba moja. Majarida hayakufungiwa kanisani. Tatu, mama mmoja hapa Brussels ananunua karatasi moja kwa mwaka, siku ya kuzaliwa kwa binti yake. Jalada zima hawezi kulilipia wala hana pa kuliweka. Huyo naye si mkusanyaji?

Lakini jalada zima lililo salama silichani. Hilo nakuahidi na sikuanza leo.

#21 Bi Pambizo

Kuhusu picha kuchomolewa na mwenyewe, umenishika. Kuhusu mama wa karatasi moja, sina neno. Lakini wewe ni mmoja, Papa. Wapo wanaonunua majalada mazima kwenye nyumba ya mnada ya Drouot, Paris, makusudi ya kuyachana, kwa sababu picha hamsini zikiuzwa mojamoja zinalipa kuliko jalada, na bei hiyo wanaijua kabla ya kunyanyua mkono. Hao ndio niliowaita hivyo.

#22 Fundi Sululu

Wazee wangu, muuzaji akiniuzia picha na kunipigia picha ya ukurasa wa maelezo kwa simu, si yameisha?

#23 Papa Marolles

Fundi, hilo nitalifanya kuanzia wiki hii.

#24 Bi Pambizo

Yamepungua, hayajaisha. Ila nakubali.

Na kwa wasio na fedha, majalada mazima yapo bure mtandaoni. Gallica ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa ina mengi, unafungua ukurasa kwa ukurasa. Rijksmuseum ya Amsterdam ina maelfu ya picha za mitindo, unazivuta hadi kuona nyuzi za karatasi, na kupakua ni ruhusa. Maktaba ya umma ya Los Angeles ina mkusanyo wa picha za mitindo uitwao Casey. Mtu akianzia huko kabla ya kutoa hata senti atakuwa amejiepusha na mengi.

#25 Kikwapa

Mimi nazipenda zile za miaka ya 1910 na 1920, za jarida la Gazette du Bon Ton. Wachoraji kina Barbier, Lepape. Mbona mmezikwepa?

#26 Bi Pambizo

Kwa sababu ya wivu tu, bei yake siiwezi.

Ni kitu kingine lakini. Lucien Vogel aliianza 1912, vita vikaisimamisha 1915, ikarudi 1920, ikafika mwisho 1925. Rangi haikupakwa kwa mkono huru. Ilipitishwa kwenye stensili zilizokatwa kwenye bati jembamba, stensili moja kwa kila rangi, rangi nzito isiyopenyeza mwanga. Ukiigusa kwa macho pembeni, unaona rangi ina kingo. Mbunifu wa mavazi Poiret alikuwa ametangulia kuonyesha njia 1908 kwa kitabu alichochorewa na Paul Iribe. Ndani ya Gazette, picha nyingine zilionyesha nguo za mafundi wakubwa wa Paris, kina Worth, Paquin, Doucet na wenzao, nyingine msanii alijibunia mwenyewe gauni ambalo hakuna fundi aliyewahi kulikata. Hapo kwangu ndipo picha inapoacha kuwa mshono na kuwa sanaa. Wewe kama sanaa ndiyo unayoitaka, umefika. Chunga nakala za kuchapwa, ni nyingi kuliko za kweli.

Kwa kulinganisha: picha ya kawaida ya miaka ya 1870 au 1880 unaipata kwa euro makumi, mara nyingine chini ya hapo. Kwa Barbier na kwa Galerie des Modes ya kweli, jiandae kwa mamia.

#27 Mwana wa Kilindini

Swali la mwisho kwangu. Nimeagiza nne za Journal des Demoiselles. Huku kwetu unyevu wa bahari unakula hadi pasipoti. Niziweke wapi?

#28 Papa Marolles

Usizitie kwenye plastiki ya kawaida, jasho litabaki ndani na kuvu kuota. Tafuta kadibodi isiyo na asidi na bahasha za karatasi isiyo na asidi, ziweke zimelala, kwenye chumba chenye hewa, mbali na ukuta wa nje na sakafu. Zikague mara kwa mara, wadudu wanapenda gundi ya zamani. Karatasi zilizotengenezwa kwa matambara, yaani za nusu ya kwanza ya karne ya 19, zinavumilia kuliko zile za miti zilizofuata. Hizo za miti hugeuka manjano na kukatika zenyewe.

Ukitaka kutundika, usitundike pale jua linapofika, na kioo kisiguse picha. Gundi ya karatasi na selotepu ni haramu.

#29 Bi Pambizo

Na osha mikono ukimaliza, hasa ukishika zenye kijani kikali. Kijani cha zumaridi kilichoanza kutengenezwa Schweinfurt mwaka 1814 kina sumu ya aseniki, na kilitumika kila mahali, kwenye magauni, kwenye karatasi za ukutani, na kwenye rangi za wachoraji. Hutakufa kwa kuitazama. Ila usilambe kidole kufungua kurasa kama wazee wetu, na watoto wasicheze nayo.

Ukikuta uso au lesi nyeupe imegeuka ya kijivu kama imepigwa na moshi, hiyo ni rangi nyeupe ya risasi iliyochakaa. Usijaribu kuisafisha. Iache.

#30 Papa Marolles

Nami nina yangu ya kuuliza, Bi Pambizo, maana hili ni eneo lako. Leo asubuhi nimepata moja sokoni. Juu imeandikwa *Costume Parisien*, upande "An 9", namba iko kwenye mabano. Mwanamke ameinamia kiti, shali nyekundu. Pambizo zote zipo.

#31 Bi Pambizo

An 9 ni kalenda ya Mapinduzi: mwisho wa Septemba 1800 hadi Septemba 1801. Kwa hiyo jeshi bado liko Misri na shali imeshafika Paris. Angalia mambo mawili. Iinue dirishani: kama unaona mistari membamba iliyopangana na mingine iliyo mbalimbali ikiikata, ni karatasi ya mtindo wa zamani, dalili njema. Kisha pitisha kidole taratibu pembeni utafute mbonyeo wa bamba. Halafu kumbuka Frankfurt nako walitoa toleo lao wakinakili picha za Paris, kwa hiyo linganisha na ile ya Rijksmuseum yenye namba hiyo hiyo, mstari kwa mstari, hasa vidole vya mkono. Wanakili wengi hushindwa vidole.

#32 Papa Marolles

Mistari ipo. Mbonyeo upo, hafifu upande wa chini. Vidole vimelingana. Shali ina rangi tofauti na ya Amsterdam, yao ni ya manjano.

#33 Bi Pambizo

Basi ni nzuri. Rangi kutofautiana ni kawaida, mfano ulibadilishwa au mezani nyekundu ndiyo iliyokuwepo siku hiyo. Unaiuza?

#34 Papa Marolles

Kwako naiuza. Lakini ukurasa wa maelezo sina.